Kanuni mpya imebana biashara yako: uende bungeni, uombe mapitio ya mahakama, au ufungue kesi ya kikatiba?

Jani la muguka, lile linalotafunwa kama miraa, halisubiri. Likilala mezani siku ya pili, mnunuzi hulipekua kwa vidole viwili akalirudisha. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na ghafla kila muuzaji akabaki na mzigo unaonyauka na swali moja: niende wapi? Kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu, huko zao hilo linakolimwa, ilikuwa imetoa agizo la muda la kusimamisha marufuku hiyo.

Sitabishana hapa kama muguka ni mbaya au ni nzuri. Nina wapwa Kisauni, Mombasa, najua kwa nini wazazi wengi walishangilia. Ninachotaka kukizungumza ni lile swali la niende wapi, maana nimelisikia mara nyingi mno, kutoka kwa wauza mitumba, wenye baa, wenye mikokoteni na wenye maduka ya dawa za mifugo. Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wadogo, si wakili. Nimeona watu wakishinda kwa karatasi mbili, na nimeona wengine wakimaliza akiba kwa kupita njia isiyokuwa yao.

Kwa Kenya, njia kubwa ni tatu: kupeleka maoni au ombi kwa waliotunga kanuni, kuomba mapitio ya mahakama (jaji apime kama afisa aliamua kihalali), na kufungua kesi ya kikatiba.

Katiba inakulindaje

Majirani zetu Waganda wana kifungu kinachosema waziwazi, katika Katiba yao ya 1995, kwamba kila mtu ana haki ya kufanya kazi au biashara yoyote iliyo halali: Kifungu cha 40(2). Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Kinga yetu imefumwa kwa nyuzi nyingi. Kifungu cha 40 kinalinda mali. Cha 27 kinakataza ubaguzi. Cha 47 kinamtaka kila afisa wa umma atende bila kuchelewesha, kwa kufuata sheria na kwa haki, na akupe sababu kwa maandishi uamuzi wake ukielekea kukuumiza. Cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Cha 210 kinasema kodi au ada ya leseni haitozwi isipokuwa kwa sheria. Kuna kingine ambacho wafanyabiashara wengi hawakijui: Kifungu cha 209(5) kinaizuia kaunti kutoza ushuru kwa namna inayoumiza biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafiri wa bidhaa nchini. Kama gari lako linalipishwa kwenye kila kizuizi kutoka shambani hadi sokoni, kisome kifungu hicho leo.

Serikali nayo imepewa kazi yake na Katiba hiyo hiyo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 46 kinamlinda mnunuzi, na Jedwali la Nne linaziachia kaunti masoko na leseni za biashara. Mizani kati ya pande hizi mbili ni Kifungu cha 24. Haki yako inaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria tu, kwa kiasi kinachofaa, na jaji atauliza kama hakukuwa na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile.

Vipimo vya kutumia

Jiulize kwanza kosa liko wapi. Ninalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Kanuni inaweza kuwa mbovu moyoni, yaani hata ingetungwa kwa utaratibu mzuri bado ingevunja haki. Inaweza kuwa mbovu kwa namna ilivyotungwa: wananchi hawakushirikishwa, haikuchapishwa, haikupelekwa bungeni. Au kanuni yenyewe ni sawa, ila afisa mmoja ameitumia vibaya juu yako. Kosa la kwanza, la pili na la tatu hayaponi kwa dawa moja.

Kisha pima muda: biashara yako inaweza kusubiri siku ngapi? Pima gharama, pamoja na ile ya kushindwa. Pima unachotaka kutoka nacho: kanuni ifutwe kwa wote, au kufuli lako lifunguliwe? Na mwisho, uko peke yako au mko wengi?

Njia ya kwanza: maoni na ombi kwa waliotunga

*Kosa linalofaa:* kanuni ambayo bado ni mswada, au iliyokwisha pita lakini ubaya wake ni wa kisera kuliko wa kisheria. Ada ikiwa kubwa mno, au muda wa kujiandaa ukiwa mfupi, jaji mara nyingi atakuambia hiyo ni kazi ya watunga sheria. Basi waendee wao. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki kama hiyo mbele ya bunge la kaunti.

*Muda:* kama ni mswada, ni wiki chache, na tarehe ya mwisho ya kupokea maoni haina huruma. Kama sheria imeshapita, jiandae kwa miezi.

*Gharama:* karatasi, uchapishaji, nauli.

*Unachotoka nacho:* marekebisho yanayowagusa wote. Huwezi kulazimisha chochote, na kanuni inaendelea kufanya kazi wakati unasubiri.

Kwa kanuni zinazotungwa na mawaziri na mashirika ya serikali ya kitaifa kuna silaha ambayo haijulikani sana: Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013. Inataka wanaoathirika waulizwe maoni kabla, na kanuni ifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu ichapishwe. Isipofikishwa, inakosa nguvu. Kamati ya Bunge ya kanuni hizo inaweza kupendekeza zifutwe, na Bunge likazifuta kwa azimio. Barua moja kwa karani wa Bunge kuuliza kanuni fulani ilifikishwa lini imewahi kutuokolea miezi ya kelele.

Sisi wenyewe tulipita njia hii kuhusu ada ya mikokoteni. Tulikuwa watu 41. Kila mmoja aliandika mapato yake ya siku kwenye daftari kwa wiki mbili, tukajumlisha, tukaonyesha kwamba ada iliyopendekezwa ingekula siku nne za kazi kila mwezi. Kamati ilitusikiliza kama dakika 20. Ada ikapunguzwa nusu kabla mswada haujapita. Hakuna aliyetaja Katiba siku ile. Kilichofanya kazi ni daftari lile.

*Inamfaa* mwenye hoja ya hesabu na anayeweza kukusanya watu mapema. Haimfai ambaye mlango wake tayari umefungwa.

Njia ya pili: mapitio ya mahakama

*Kosa linalofaa:* uamuzi wa afisa au ofisi uliokugusa wewe. Umenyimwa leseni bila sababu, umefungiwa bila kusikilizwa, umetozwa kitu kisichokuwa kwenye sheria. Jaji hapa haulizi hasa kama kanuni ni nzuri. Anauliza kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, kama alikupa nafasi ya kujieleza, na kama uamuzi wake una mantiki. Sheria ya Hatua za Kiutawala za Haki ya 2015 ndiyo inayofafanua Kifungu cha 47.

Mwaka juzi dada mmoja wa chama chetu, mwenye kioski cha chai na maandazi, alikuta kufuli geni mlangoni Jumatatu asubuhi. Unga aliokwisha kuukanda ulikuwa ndani, umeumuka hadi ukamwagika kwenye beseni; tuliuona kwa dirishani. Aliniuliza, "Kaka katibu, sasa niende kwa nani?" Ofisini aliambiwa kwa mdomo tu kwamba "ana deni". Tuliandika barua ya aya tatu tukiomba sababu kwa maandishi, tukitaja sheria ile ya 2015. Tulipeleka nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na hiyo akaikunja akaiweka kwenye mkoba wa simu. Chini ya sheria hiyo, afisa akiombwa sababu asitoe, uamuzi wake huchukuliwa kuwa hauna sababu ya msingi hadi athibitishe vinginevyo. Siku ya tatu waligundua deni lilikuwa la kioski cha jirani. Hatukufika mahakamani kabisa, ila barua ile ndiyo ingekuwa msingi wa kesi.

*Muda:* ukiomba uamuzi ufutwe kwa utaratibu wa zamani wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria, una miezi 6 tu tangu uamuzi utolewe. Kwa sheria ya 2015 unatakiwa usicheleweshe bila sababu. Kwa vyovyote usikae ukinung'unika.

*Gharama:* wakili, hati za kiapo, ada za masjala. Ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

*Unachotoka nacho:* uamuzi kufutwa, afisa kuzuiwa, au kulazimishwa kutimiza wajibu wake. Mara nyingi jambo linarudishwa kwake aamue upya kwa haki. Wengi hawajui hili. Unaweza kushinda, ukarudi ofisini, ukanyimwa tena, safari hii kwa utaratibu mzuri.

Hapa pia ndipo pana kizingiti cha ngazi. Kama sheria imeweka mahali pa kukata rufaa kwanza, jaji atakurudisha huko isipokuwa uonyeshe sababu ya pekee. Mzozo wa kodi ndio mfano wa kila siku: pingamizi kwa Kamishna ndani ya siku 30, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, ndipo Mahakama Kuu. Nimemwona mwenye duka akiruka ngazi hizo kwa hasira. Kesi yake ilitupwa, na siku 30 zilikuwa zimepita.

*Inamfaa* mtu mmoja au kampuni moja yenye uamuzi mahususi mkononi. Haimfai anayetaka sheria nzima iondoke.

Njia ya tatu: kesi ya kikatiba Mahakama Kuu

*Kosa linalofaa:* sheria au kanuni yenyewe inavunja Katiba, kwa yaliyomo au kwa namna ilivyotungwa. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu afungue kesi kwa ajili yake, kwa niaba ya kundi, chama kwa niaba ya wanachama, au mtu yeyote kwa maslahi ya umma. (Wasomaji wa Tanzania, kwenu marekebisho ya 2020 yalimtaka mfungua kesi ya haki za msingi aape kueleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika; ulizeni kwanza sheria hiyo ikoje sasa.)

Kabla ya kuichagua njia hii, angalia nani alishinda na nani alishindwa.

Wenye viwanda walipinga marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 2017. Hasara yao ilikuwa ya kweli, mashine zilinyamaza na watu wakakosa kazi, lakini mahakama iliyapa uzito mazingira na ikaiacha marufuku isimame. Kampuni ya British American Tobacco ilipinga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014, zilizotaka pamoja na mengine mchango wa 2% ya thamani ya bidhaa za tumbaku. Ilishindwa Mahakama ya Rufaa, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Moja ya hoja zake ilikuwa kutoshirikishwa, nayo Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza ratiba, ila aliyepewa nafasi ya kutosha ya kusema hawezi kulalamika eti hakukubaliwa.

Upande wa walioshinda, mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema tangazo la gazetini peke yake halitoshi, watu wafuatwe makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na redio za lugha zao. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ilibatilisha agizo la kulazimisha mizigo ya bandari isafirishwe kwa reli ya SGR, jambo lililokuwa limewatoa barabarani madereva wa malori na kufunga mikahawa njia nzima ya Mombasa hadi Nairobi.

Na wako wenye baa wa Kitengela. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kodi ya chini kabisa ya 1% ya mauzo ghafi, kuanzia Januari 2021. Yaani uuze, upate hasara, bado ulipe. Baa zilikuwa zimefungwa mapema kila usiku kwa sababu ya korona. Chama chao kilikwenda Mahakama Kuu ya Machakos, na Septemba 2021 kodi hiyo ikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu kumtoza asiyepata faida si kugawana mzigo kwa haki. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Desemba 2022. Chama cha wenye baa wa mji mmoja kiliondoa kodi ya nchi nzima. Kila nikikutana na mfanyabiashara aliyekufa moyo, hiyo ndiyo hadithi ninayompa.

Hawakusema serikali isitoze kodi. Walisema kodi hii inavunja kifungu hiki, kwa namna hii. Tangu uamuzi wa Anarita Karimi Njeru wa 1979, mahakama zetu zinataka utaje kifungu kilichovunjwa, kilivyovunjwa na jinsi ulivyoumia. Malalamiko ya jumla yanatupwa.

*Muda:* agizo la muda la kusimamisha kanuni linaweza kupatikana kwa siku chache ukionyesha dharura, kama ilivyokuwa Embu. Hukumu yenyewe inaweza kuchukua miezi au miaka, na rufaa juu yake. Jaji Mkuu akiteua jopo la majaji watatu au zaidi, ongeza subira.

*Gharama:* Kifungu cha 22(3) kinasema kufungua kesi ya haki hakutozwi ada, na mahakama ipokee hata hati zisizo rasmi inapobidi. Lakini hoja za Kifungu cha 24 zinahitaji wakili anayejua kazi yake, na wakili huyo analipwa. Faraja iliyopo ni kwamba kesi ya kweli ya maslahi ya umma ikishindwa, mara nyingi kila upande unabeba gharama zake. Ya mwenye faida yake binafsi haina uhakika huo.

*Unachotoka nacho:* sheria kutangazwa batili kwa wote, zuio, hata fidia. Ila jaji anaweza kuipa serikali muda. Machi 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichoweka kikomo cha riba za benki, lakini ikasimamisha uamuzi kwa miezi 12 ili Bunge lirekebishe. Bunge lilikiondoa lenyewe Novemba mwaka huo. Uliza mapema: tukishinda leo, kesho kutakuwaje?

*Inamfaa* kundi lenye kosa linaloweza kutajwa kwa kifungu, lenye uwezo wa kusubiri na kuchangishana. Mtu mmoja mwenye mzozo wa risiti hana haja nayo.

Kwa hali yako

Tangazo la kuomba maoni likiwa bado liko wazi, andika leo, hata kama unapanga kwenda mahakamani baadaye. Kunyamaza kwako kutatumiwa dhidi yako, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa itakuwa kielelezo chako cha kwanza.

Kama kanuni imepita na hamkuulizwa, chunguza kwanza tangazo lilitolewa wapi, kwa lugha gani, na watu walipewa siku ngapi. Mkipata pengo la kweli, kesi ya kikatiba ina mguu wa kusimamia. Kama mkutano ulifanyika na mlikuwepo, mkasikilizwa na kukataliwa, rudini kwa watunga sheria na hesabu zenu.

Kanjo, yaani askari wa kaunti, wamekufungia, au leseni imekataliwa: barua ya kuomba sababu kwanza, rufaa ya ndani kama ipo, kisha mapitio ya mahakama. Hesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, usizihesabu kichwani.

Ni kodi yako wewe, kwa hesabu unazozipinga? Pingamizi ndani ya siku 30, usihangaike na Katiba. Ni kodi inayowaumiza wote wa biashara yako kwa namna moja? Kaeni kama walivyokaa wa Kitengela.

Bidhaa yako inaharibika, au msimu unapita: kesi ya kikatiba yenye ombi la dharura, na hati ya kiapo inayosema mzigo ni kilo ngapi, ulinunuliwa kwa shilingi ngapi, na utakuwa umeoza siku gani. Piga picha leo jioni, na kesho asubuhi upige tena mzigo huo huo mahali pale pale.